Mwovu Atavikwa Uso wa Nani? Mighani ya Ziwa Katika Vibonzo

Mhusika wa ngano hana uso. Fanani aketipo na hadhira yake usiku, akasema hapo kale palikuwa na bibi kizee, hamwelezi mtu rangi ya macho ya bibi huyo wala mikunjo ya kipaji chake. Kila msikilizaji humchora moyoni kwa namna yake. Mtoto wa Dunga huenda akampa sura ya mama aanikaye omena ufukoni. Mtoto wa Ahero akampa sura ya nyanya yake arudipo kutoka mashamba ya mpunga. Mchoraji wa vibonzo hana uhuru huo wa kunyamaza. Akitaka kusimulia kisa kilekile kwa kalamu na wino, hana budi aamue pua iweje, ngozi iweje, nguo ifungwe vipi, na kinywa kikifunguka kitoe Kiswahili gani. Akishaamua, wasomaji wote watauona uso huo mmoja.

Ninaanza na tofauti hii, ambayo kila mwanafunzi wa fasihi simulizi anaijua, kwa sababu ina uzito katika mtindo uliowavutia wenzetu wengi wanaochora: kuwachukua wahusika wa ngano na mighani, hata wale tuliofundishwa kuwapenda, na kuwavika uovu. Msimamo wangu nautamka mapema ili msomaji asije akadhani nauzunguka. Mtindo huu naupenda. Ila naona kwamba hapa kwetu, kandokando ya Ziwa Victoria, unaelekea kuwaangukia watu wasiostahili, na kwamba sisi wa Kiswahili tuna sababu ya pekee ya kulitazama jambo hilo.

Mtindo wenyewe una umri mkubwa kuliko wengi wanaoushabikia. Mtengeneza kofia mwenye wazimu, aliyebuniwa na Lewis Carroll katika kitabu cha watoto cha mwaka 1865, alifanywa adui wa Batman mwaka 1948. Kuanzia mwaka 2002 Bill Willingham alitunga mfululizo wa vibonzo uitwao Fables, ambamo mwanamfalme mrembo wa ngano za Ulaya ni mlaghai aliyeoa na kuachana na mabinti watatu, mbwamwitu ndiye msimamizi wa sheria, na yule Adui aliyewafukuza wahusika wote kutoka nchi zao anagunduliwa kuwa Geppetto, seremala mzee aliyemchonga Pinocchio. Mfano huu wa mwisho nautaja kwa makusudi. Mtu awezaye kuchonga gogo likawa mtoto, ataachaje kushawishika kuchonga wafalme watakaomtii? Uovu wa Geppetto haukubandikwa kutoka nje. Ulikuwa umelala ndani ya ufundi wake tangu mwanzo, nasi hatukuuona kwa kuwa tulikuwa tukiuhurumia upweke wake. Hapo ndipo ninapouona ustadi.

Nasi hatukuwa nyuma sana katika sanaa hii ya hadithi za picha. Wasomaji wa Taifa Leo walimjua Juha Kalulu wa Edward Gitau kwa miongo mingi. Katika miaka ya 1980 mfululizo wa Pichadithi uliileta mighani ya Kenya katika picha, Lwanda Magere akiwa miongoni mwa walioingizwa humo, ingawa kwa Kiingereza. Mwaka 1996 Gado alimchora Abunuwasi kwa Kiswahili katika kitabu kilichotolewa na Sasa Sema mjini Nairobi. Abunuwasi, kwa kweli, hahitaji kusukumwa sana ili awe jambazi. Mtu anayemrudishia jirani sufuria pamoja na kisufuria akidai imezaa, kisha safari ya pili akaimeza sufuria yenyewe kwa hoja kwamba imefariki, leo tungemkuta kizimbani. Na Sungura je? Tumuulize Fisi. Lakini hao ni wepesi. Hakuna ukoo wa Fisi utakaoamka kesho ukute nyumba zake zinateketea. Uzito uko kwa wahusika wanaofanana na majirani zetu, na mighani ya ziwa ina wahusika wa aina hiyo tele.

Tumtazame Lwanda Magere. Kwa asiyekijua kisa, Magere alikuwa shujaa wa ukoo wa Sidho katika nyanda za Kano, mwenye mwili wa jiwe usiopenywa na mkuki. Wanandi, ambao masimulizi ya Dholuo huwaita Lang'o, waliposhindwa kwa silaha walimpelekea binti awe mkewe. Siku moja Magere akaugua, akamwambia binti huyo amchanje na kumtia dawa, si mwilini bali kivulini. Damu ikatoka kivulini. Binti akatoroka, akawaeleza watu wake, na katika vita vilivyofuata mkuki ukaelekezwa kwenye kivuli. Shujaa akaanguka, akageuka jiwe ambalo wenyeji wa Kano huwaonyesha wageni hadi leo.

Mwovu ni nani katika kisa hiki? Vladimir Propp, katika uchambuzi wake wa mwaka 1928, alitufundisha kwamba adui ni dhima katika muundo wa ngano, nafasi inayoweza kushikwa na yeyote. Kwa simulizi ya mdomo fundisho hilo linatosha: binti ameishika nafasi ya adui, basi, kisa kinakwenda mbele. Kibonzo hakichori dhima. Huchora mtu, na mtu huyo ana kabila.

Nimewahi kuonyeshwa rasimu ya kibonzo cha Magere, kazi ya mwanafunzi mwenye mkono mzuri kwelikweli. Nyanda za Kano alizichora hadi ukahisi joto lake. Magere alikuwa na kifua kama mwamba na macho ya huruma. Yule binti alipewa macho membamba na tabasamu la upande mmoja tangu picha yake ya kwanza, kabla hajatenda lolote; na alipoipata siri, ukurasa mzima uligeuka mweusi, yakabaki meno yake tu. Magere alisema Kiswahili cha kitabuni, binti alisema Kiswahili cha kuvunjikavunjika. Nilipouliza sababu, niliambiwa kwamba ndivyo mwovu anavyotambulika upesi. Sisi tuliokulia kando ya ziwa tungepaswa kuijua dawa hiyo, maana tumenyweshwa sana. Katika vichekesho vya runinga vya Kenya, mhusika Mluo akitakiwa kuchekwa huambiwa aseme "sida" badala ya "shida", na kazi ya usawiri imekwisha.

Mtu akisimama Ahero siku isiyo na mawingu huiona safu ya milima ya Nandi kwa macho yake. Kati ya nyanda na milima hiyo kuna miwa ya Chemelil na Muhoroni, kuna masoko ambako mahindi hushuka na samaki hupanda, kuna ndoa. Kuna pia kumbukumbu za mapigano ya mwaka 1992, ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na za Sondu, mpakani mwa Kaunti za Kisumu na Kericho, ambako damu imemwagika zaidi ya mara moja. Katika mahali kama hapo, picha ya mke Mkalenjin anayetabasamu gizani akiwa ameshika siri ya mume wake Mluo hairudi kwenye hadithi na kutulia. Inamfuata mwanamke fulani sokoni.

Wapo watakaosema dawa ni kukiacha kisa hiki kabisa. Sikubaliani nao. Ninachopendekeza ni kukigeuza kisa hadi mwisho wake, kwa njia ya Geppetto. Uovu uliolala ndani ya mgani huu uko kwa Magere. Huyu ni mtu asiyeweza kuumia. Mkuki humteleza, kwa hiyo hajui mkuki ni nini kwa wengine. Kila anayemkabili ni nyama, yeye ni jiwe. Amewashinda jirani zake kiasi cha wao kumtoa binti yao ili waachwe wapumue. Naye akampokea. Hakuna fanani niliyemsikia akituambia kwamba Magere alimuuliza binti huyo neno lolote siku ya kwanza. Kisha mtu huyu wa jiwe akaugua, akamkabidhi kisu mtu pekee katika boma lake mwenye kila sababu ya kukitumia. Mchoraji akiyafuata hayo bila kuongeza hata tukio moja, atakuwa na dhalimu wa kutisha, tena wa kusikitisha, kwa kuwa kivuli ndicho kiungo pekee cha mwili wake kilichobaki na ubinadamu.

Katika madarasa yetu kisa hiki hulinganishwa na kile cha Fumo Liyongo, kwa kuwa mashujaa wote wawili huuawa kwa siri iliyofichuliwa na mtu wa nyumbani. Ulinganisho huo una manufaa, lakini nadhani tumeukubali kwa urahisi mno. Anayemuua Liyongo kwa sindano ya shaba ni mwanawe. Amevunja damu. Binti wa Kinandi hakuvunja damu yoyote. Alirudi kwenye damu yake. Ukimwita msaliti, sharti useme alikuwa ameahidi nini, kwa nani, na kwa hiari gani. Ningependa kumwona mtahiniwa akiulizwa swali hilo katika mtihani badala ya kuombwa aorodheshe sifa za jagina.

Aidha, kazi ya kuuhamisha uovu kutoka kwa mtu mdogo hadi kwa mkubwa si ngeni katika fasihi yetu. Kithaka wa Mberia aliifanya katika Kifo Kisimani (2001). Sindano na kisima vimo, na Gege anamchoma ndugu yake Mwelusi. Hata hivyo msomaji anapolifunga jalada, hasira yake iko kwa Mtemi Bokono na utawala wake wa Butangi, ambao ndio uliomnunua Gege. Grace Ogot naye, katika Miaha (1983), alikichukua kisasili cha bibi harusi anayelaumiwa kwa kuwaletea wanadamu jasho la jembe, akampa nia na akili ya kutenda, hata lawama ile ya kale ikaanza kutetereka. Hao wawili hawakuhitaji kufuta mapokeo. Walisogea tu, wakakitazama kisa kutoka upande wa pili.

Kisa cha pili ninachokihofia zaidi ya cha Magere ni cha Simbi Nyaima. Ziwa Simbi liko karibu na Kendu Bay, dogo, la maji ya chumvi, rangi yake kijani. Mgani wasema palikuwa na kijiji hapo. Usiku wa karamu alikuja bibi kizee mchafu, mwenye njaa, akafukuzwa. Mwanamke mmoja tu alimkirimu. Huyo akaambiwa aihamishe familia yake upesi. Kisha maji yakakimeza kijiji.

Mchoraji anayetafuta mwovu mpya atavutwa na bibi huyu bila shaka. Hoja ipo tayari: kama mwenye uwezo wa kuzamisha kijiji angeweza kuwaadhibu wenye karamu peke yao, kwa nini aliwazamisha na watoto wachanga? Ni swali la haki, na kwa msomaji wa Ulaya au Marekani lingezaa kibonzo kizuri. Lakini bibi kizee mwenye nguvu za ajabu si mhusika wa mgani tu katika eneo hili. Oktoba 2021 wanawake wanne wazee waliuawa na umati huko Marani, katika Kaunti ya Kisii, kwa tuhuma za uchawi. Mei 2008 watu kumi na mmoja walichomwa moto katika eneo hilohilo la Kisii kwa tuhuma hizohizo. Upande wa kusini wa ziwa, Usukumani, bibi vizee wameuawa kwa miaka mingi, na mojawapo ya dalili walizohukumiwa kwazo ni macho mekundu. Moshi wa jikoni huyafanya macho kuwa mekundu. Sasa mchoraji wetu, akichovya kalamu yake katika wino mwekundu ili bibi wa Simbi atishe, anadhani anabuni?

Kwa kisa hiki mwovu anayefaa yumo tayari, nasi tumezoea kumpita. Ni ile karamu. Ni watu walioshiba wakamcheka mtu mwenye njaa mlangoni pao, wakamsukuma gizani, kila mmoja akijificha nyuma ya kicheko cha mwenzake. Mchoraji asimchore mmoja wao kwa uso. Awachore kwa migongo, duara la migongo lililomzunguka bibi aliyeketi chini. Umati wa Marani nao ulikuwa duara la namna hiyo. Wala sidhani kwamba hapo ningekuwa nimeupotosha mgani, kwa kuwa mgani wenyewe ulikizamisha kijiji, si bibi.

Nyamgondho mwana wa Ombare hanisumbui sana. Mvuvi huyu maskini wa Gwassi alivua mwanamke kwa wavu wake, akatajirika kwa ng'ombe wa mwanamke huyo, akalewa, akamtukana usiku mmoja langoni, na asubuhi mke na ng'ombe wakaingia ziwani huku yeye akibaki ufukoni Nyandiwa ameegemea fimbo, akageuka mti. Wazee waliokitunga kisa hiki walishamaliza kazi ya kumfichua mwovu ndani ya jagina kabla Batman hajazaliwa. Mchoraji achore tu.

Na kabla hatujaondoka Nyanza Kusini, kuna Gor wuod Ogada wa Kanyamwa, mganga aliyeogopwa katika uhai wake na ambaye klabu ya Gor Mahia ilipewa jina lake mwaka 1968. Huyo ni mwovu wa vibonzo aliyekamilika, mwenye uwezo wa kujibadilisha umbo. Anayetaka kumchora hivyo na achague kwa makini siku ya kukizindua kitabu. Isiwe siku ya mechi.

Najua wapo walimu wetu wanaoona mjadala huu wote kuwa hatari kwa upande mwingine. Hoja yao ni kwamba jamii ndogo zimebakiwa na mashujaa wachache, na kwamba kumfanya Magere dhalimu ni kuwanyang'anya vijana wa Kano kitu cha kujivunia, tena kwa kuiga mtindo wa kigeni. Hoja hii ina uchungu wa kweli na siipuuzi. Lakini fanani hajawahi kusimulia kisa mara mbili kwa namna moja. Mgani wa Magere ambao kijana wa Kano anauona kuwa urithi usioguswa umeshabadilishwa na kila aliyeusimulia, kwa mujibu wa nani alikuwa ameketi mbele yake. Nami swali langu ni hilohilo: nani ameketi mbele yake sasa?

Hapo ndipo Kiswahili kinapoingia. Kisa cha Magere kikisimuliwa kwa Dholuo katika boma la Kano, fanani ana yakini kwamba hakuna Mnandi katika hadhira. Anaweza kusema "Lang'o" kwa sauti anayotaka, na hadhira itaitikia. Pichadithi ilikisimulia kwa Kiingereza, na tamthilia ya Okoiti Omtatah ya mwaka 1991 pia ilikuwa kwa Kiingereza, lugha ambayo kwa wengi wetu ni ya darasani na hukiweka kisa mbali kidogo na mlango wa jikoni. Kibonzo cha Kiswahili kitauzwa katika kituo cha mabasi cha Kisumu na katika kituo cha Kapsabet siku moja. Kitasomwa na utingo wa upande huu na utingo wa upande ule, bila mkalimani. Mara tu tunapochagua kukitunga kwa Kiswahili, tumemkaribisha yule binti wa Kinandi, pamoja na wajukuu zake, waketi kwenye duara la wasikilizaji. Hatuwezi kuwakaribisha kisha tukawachorea meno gizani. Anayetaka kufanya hivyo ana lugha nyingine za kufanyia.

Sisemi kwamba kila kibonzo cha Kiswahili kiwe mkutano wa amani. Hivyo vipo tayari, vya mashirika, na havisomwi mara mbili. Mwovu awepo, tena atishe. Binti naye si lazima awe malaika. Huenda alimpenda Magere kidogo, huenda alisita njiani, huenda aliufurahia mkuki ule ulipochoma. Yote hayo ni haki ya mtunzi, ilimradi yawe mambo ya mtu na si ya kabila.

Yule mwanafunzi mwenye mkono mzuri amekubali kukichora upya, akianzia kwa binti anayeshuka mlimani kuelekea Kano, asiyejua neno hata moja la Dholuo. Kazi imekwama kwenye kitu kidogo. Katika masimulizi yote tuliyoyakusanya sisi wawili, binti huyo hana jina; yeye ni "mke wa Kinandi" tu. Kiputo cha kwanza cha mazungumzo kinadai mama yake amwite. Jina hilo hatuwezi kulibuni tukiwa Kisumu. Itabidi mtu apande Nandi Hills akawaulize wazee wa huko mtoto wa kike wa zama zile angeitwa nani, na akiwa huko awaulize pia wao hukisimuliaje kisa hiki, kama hukisimulia.